Kukatwa mshahara kwa amri ya mahakama: je, deni litanifuata nikibadili mwajiri au nikihamia jimbo jingine la Marekani?

Mvuka Daraja (Louisville, Kentucky)

Ndugu zangu, nawasalimu wote, na wakubwa wangu shikamooni. Nina jambo la mshahara linalonikosesha usingizi, na kwa kuwa humu wamo watu waliokaa Marekani kuliko mimi, naomba mnieleweshe.

Ninaishi Louisville tangu familia yetu ilipoletwa kutoka kambi ya Nyarugusu. Kazi yangu iko ng'ambo ya mto Ohio, katika ghala moja la Jeffersonville, Indiana, kwa hiyo kila alfajiri navuka daraja la Lewis and Clark na kulipia tozo. Niliwahi kununua gari kwa mkopo wenye riba kubwa. Nilipougua na kukaa miezi mitatu bila kazi, mkopeshaji alilichukua gari, akaliuza mnadani kwa bei ya kutupa, kisha akanidai tofauti iliyobaki, yaani dola 6,900. Nasikia alinishtaki na samansi ikapelekwa katika nyumba niliyokuwa nimekwisha kuhama. Sikuiona kwa macho yangu. Nilichokiona ni karatasi ya malipo ya Ijumaa iliyopita: mshahara wa wiki mbili dola 1,600, kodi na makato ya serikali dola 320, kisha mstari mpya ambao sijawahi kuuona, nao pia dola 320, halafu bima ya afya dola 110. Nikabaki na dola 850, na kodi ya nyumba peke yake ni zaidi ya hizo.

Maswali yangu ni haya. Kwanza, hadi sasa ninalipwa na wakala wa ajira, lakini mwezi ujao mwenye ghala atanichukua kuwa mfanyakazi wake wa kudumu, katika jengo lile lile na zamu ile ile. Je, makato yatahamia huko yenyewe, na je, mwajiri mpya anaweza kunikataa kwa sababu hiyo? Pili, hukumu ni ya Kentucky lakini kazi ni ya Indiana, ilhali kodi ya mapato ya jimbo ninakatwa ya Kentucky. Sheria ya jimbo gani ndiyo inayonihusu? Tatu, shemeji yangu aliyeko Fort Worth ananihimiza nihamie huko kwa sababu anasema Texas hakuna mtu anayekatwa mshahara kwa ajili ya deni. Je, ni kweli?

Karani wa Mishahara (Indianapolis, Indiana)

Pole sana, kaka. Mimi hushughulikia mishahara ya kampuni ya usafirishaji, na hati za namna hii hufika mezani kwangu karibu kila wiki, kwa hiyo nitakueleza jinsi zinavyotembea.

Usichanganye hukumu na amri ya kukata mshahara. Hukumu ni juu yako wewe, na katika Kentucky ina uhai wa miaka 15. Amri ya kukata mshahara huandikwa kwa jina la mwajiri fulani, ikimtaka azuie sehemu ya fedha anazodaiwa na wewe. Kwa hiyo siku utakapotoka kwa wakala, amri ile itabaki kwake bila kazi ya kufanya. Atakata katika malipo yako ya mwisho, kisha ataijulisha mahakama au wakili wa mdai kwamba haupo tena katika orodha yake. Mwenye ghala ni mwajiri mwingine mwenye namba nyingine ya kodi, hata kama wewe utakuwa umesimama mbele ya mkanda ule ule wa mizigo. Mdai atalazimika kujua kwanza umeajiriwa na nani, kisha aombe amri mpya. Nimeona ikichukua wiki tano, na nimeona pia ikichukua mwaka mzima. Katika muda huo riba ya hukumu haisimami, jambo ambalo wengi husahau wanaposhangilia karatasi ya malipo isiyo na ule mstari.

Kuhusu kiasi, waliokukata wamepiga hesabu sawasawa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 ya kuwalinda wadaiwa inasema kwamba kwa deni la kawaida kisikatwe zaidi ya asilimia 25 ya mshahara unaobaki baada ya makato ya lazima, au kile kinachozidi mara 30 ya kima cha chini cha mshahara cha shirikisho kwa wiki, kinachochukuliwa ni kile kilicho kidogo kati ya hivyo viwili. Kima hicho ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, kwa hiyo dola 217.50 za kila wiki, au 435 kwa malipo ya wiki mbili, haziguswi. Wewe ulibaki na 1,280 baada ya kodi na makato ya serikali, robo yake ni 320. Bima ya afya haihesabiwi kuwa kato la lazima, ndiyo maana imekatwa baadaye na maumivu yakawa mara mbili. Fedha ambazo huenda unawatumia ndugu waliobaki kambini nazo, kwa bahati mbaya, hazimo katika hesabu hiyo. Na ukifanya ovataimu, jua kwamba robo ya nyongeza hiyo nayo itakwenda.

Ile kodi ya mapato haina uhusiano na jambo hili. Indiana na Kentucky zimekubaliana kwamba mfanyakazi alipe kodi ya mapato ya jimbo kule anakoishi, basi, hayo ni makubaliano ya kodi tu. Kwa deni lako, linaloangaliwa ni kama mwajiri anaweza kufikiwa na mahakama ya Kentucky. Nadhani wakala wako ana ofisi Louisville, na hati ilipelekwa hapo. Ikiwa mwenye ghala naye anafanya biashara Kentucky, mdai ataipeleka amri mpya kwake kwa njia hiyo hiyo. Ikiwa yuko Indiana peke yake, mdai atapaswa kwanza kuisajili hukumu katika mahakama ya Indiana, ambayo itaichukua kama yake, kisha aombe amri huku. Hilo ni gharama na usumbufu kwake, lakini kwa dola 6,900 wakili wa madeni hatalala usingizi.

Kuhusu kufukuzwa, sheria hiyo hiyo ya 1968 inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu mshahara wake umekamatwa kwa deni moja, hata kama amri za deni hilo zimekuja mara tatu. Kinga hiyo haipo tena kwa deni la pili, isipokuwa pale ambapo sheria ya jimbo imeiongeza. Kwa hiyo kama una bili nyingine ya hospitali inayonyemelea, ishughulikie kabla haijafika mahakamani.

Mvuka Daraja

Ahsante sana, dada, kwa maelezo ambayo sijawahi kuyapata hata ofisini kwetu. Naomba kuuliza jambo moja zaidi. Nitakapojaza fomu za mwajiri mpya, je, ninalazimika kutaja deni hili? Na huyo mdai atanijuaje, ikiwa wao wenyewe hawaambiani?

Karani wa Mishahara

Fomu za kuanza kazi haziulizi habari ya hukumu ya deni la kawaida, na hakuna sheria inayokutaka umpigie simu mdai kumwambia umepata kazi. Kila mwajiri hutakiwa kuliarifu jimbo jina la mfanyakazi mpya ndani ya siku 20, lakini orodha hiyo iliwekwa hasa kwa ajili ya matunzo ya watoto, na mkopeshaji wa magari hana ruhusa ya kuichungulia. Yeye hukupata kwa njia nyingine: fomu ya mkopo mpya uliojaza, kampuni zinazouza taarifa za watu, au wewe mwenyewe unapojibu simu na kusema uko kazini wapi. Anaweza pia kuiomba mahakama ikuite ujibu maswali kuhusu kazi na mali zako chini ya kiapo. Hapo usidanganye wala usikose kwenda, kwa maana anayepuuza wito huo huweza kutolewa hati ya kukamatwa, si kwa sababu ya deni bali kwa kuidharau mahakama.

Baba Neema (Houston, Texas)

Mdogo wangu, nimesoma na nimeona niongeze habari ya matunzo ya watoto, kwa sababu vijana wengi husoma majibu kama haya ya deni la gari wakayachukua kwa kila deni, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Nilikuwa Columbus, Ohio, nikikatwa matunzo ya binti yangu kwa amri ya huko. Nilipopata kazi ya kuendesha lori kwa kampuni ya Houston nikahama, na malipo ya kwanza yakaja kamili. Nikajiambia kwamba Ohio imebaki Ohio. Malipo ya pili yakaja yamekatwa. Kwa matunzo ya mtoto, majimbo yote yana sheria moja inayoruhusu amri ya kukata mshahara itumwe moja kwa moja kutoka jimbo moja hadi kwa mwajiri wa jimbo jingine, bila kupita mahakamani huko, na mwajiri hutakiwa kuitii kana kwamba imetoka katika jimbo lake. Ile orodha ya siku 20 aliyoitaja dada hapo juu ndiyo iliyonitaja: Texas ilipeleka jina langu katika orodha ya taifa, na Ohio ikaniona.

Viwango navyo si vile vya deni la kawaida. Sheria ya shirikisho inaruhusu hadi asilimia 50 ya mshahara unaobaki ikiwa una mke au mtoto mwingine unayemlea, na 60 ikiwa huna, na huongezwa tano kama una malimbikizo ya zaidi ya wiki 12. Hata hivyo, mwajiri hufuata kikomo cha jimbo unalofanyia kazi, na Texas haivuki nusu. Kiasi cha matunzo chenyewe hubaki kile kile kilichoandikwa Ohio. Mimi mshahara wangu mpya ulikuwa mdogo kuliko wa zamani, nikasubiri wapunguze wenyewe. Hakuna anayepunguza. Inabidi uombe, tena katika jimbo lililotoa amri iwapo mzazi mwenzako bado anaishi huko, na punguzo halirudi nyuma ya siku ombi lako lilipofikishwa kwa upande wa pili. Nilipoteza miezi saba kwa kusubiri.

Kosa langu jingine lilikuwa lile pengo kati ya kazi mbili. Wiki sita hizo hakuna aliyenikata, nami sikulipa, kumbe deni lilikuwa linahesabiwa kila mwezi kama kawaida. Ningelipa mwenyewe kupitia ofisi ya malipo ya jimbo. Na usimpe mama wa mtoto fedha mkononi ukidhani zitahesabiwa, kwani mara nyingi hazihesabiwi. Malimbikizo yakizidi dola 2,500, anayeomba pasipoti ya Marekani hunyimwa, na kwa wale ambao bado wanasubiri uraia, kuacha kwa makusudi kuwatunza watoto ni jambo ambalo afisa wa uhamiaji ana haki ya kulihesabu dhidi ya tabia yako njema. Deni la gari halina mambo hayo.

Mhitimu (Phoenix, Arizona)

Nitasema machache. Mikopo ya masomo ya shirikisho nayo ina njia yake. Serikali haihitaji hukumu ya mahakama kukata mshahara wa aliyeacha kulipa, bali hutuma taarifa siku 30 kabla, na hukata hadi asilimia 15. Anayebadili kazi ajue jambo hili moja: ikiwa ulipoteza kazi ya awali bila hiari yako, mshahara wa kazi mpya hauwezi kukatwa kwa mkopo huo hadi utimize miezi 12 ya kazi mfululizo. Kinga hiyo haijitokezi yenyewe. Inabidi uidai kwa maandishi na uambatanishe barua ya kuachishwa kazi. Mimi niliitunza barua hiyo kwa bahati tu, ndani ya Biblia.

Ni kweli pia kwamba majimbo hayafanani. Hapa Arizona wananchi walipiga kura mwaka 2022 na kukishusha kikomo cha deni la kawaida kutoka asilimia 25 hadi 10. Kentucky na Indiana, kwa kadiri ninavyofahamu, bado ziko kwenye robo, ingawa hakimu wa Indiana anaweza kushusha kiwango hicho akionyeshwa sababu nzuri.

Mkalimani (Dallas, Texas)

Kwa kuwa mimi ni mkalimani wa mahakamani na si wakili, chukueni maneno yangu kama ya mtu aliyekaa sana katika viti vile. Shemeji yako wa Fort Worth amesema nusu ya ukweli. Katiba ya Texas inazuia mshahara kukamatwa kwa madeni ya kawaida, isipokuwa matunzo ya mtoto na ya mwenzi wa ndoa, na serikali ya shirikisho nayo ina njia zake kwa kodi na mikopo ya masomo. North Carolina, South Carolina na Pennsylvania nazo hazimruhusu mdai wa kawaida kuugusa mshahara, kila moja kwa namna yake. Kinga hiyo ya Texas, hata hivyo, inaulinda mshahara ukiwa bado mikononi mwa mwajiri. Ukishaingia benki, unakuwa fedha kama fedha nyingine, na mdai aliyeisajili hukumu yake Texas anaweza kuomba akaunti izuiwe. Nimemtafsiria baba mmoja aliyekuta akaunti yake imefungwa asubuhi ya tarehe moja, siku ya kodi ya nyumba. Hakuelewa kwa nini, maana alikuwa ameambiwa maneno yale yale uliyoambiwa wewe.

Jambo la pili ni mwajiri mwenye matawi katika majimbo mengi. Mwaka 1899 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya mfanyakazi wa reli aliyeitwa Sturm. Aliishi Kansas, akafanya kazi Kansas, na sheria ya Kansas ilikuwa inaukinga mshahara wake, lakini mdai wake alikwenda kuukamata Iowa, ambako kampuni ile ya reli ilikuwa na shughuli pia. Mahakama ikasema kinga ya mshahara ni sehemu ya utaratibu wa jimbo lililotoa amri, na Kansas haikuwa na budi kuitambua hukumu ya Iowa. Kwa hiyo mtu akihamia Texas lakini akabaki na kampuni ile ile yenye ofisi Kentucky, asishangae mdai akiipeleka amri katika ofisi ya Kentucky na idara ya mishahara ikaitii. Makampuni hayafanani katika hili, na mengine hupinga, lakini usijenge mpango wa maisha juu ya tumaini kwamba lako litapinga.

Sasa nirudi kwa lile ulilolitaja kwa kupita, ambalo mimi nimeliona kubwa kuliko mengine yote: hukuipata samansi. Hukumu iliyotolewa bila wewe kuitwa ipasavyo inaweza kutenguliwa, na hoja hiyo hukubaliwa kusikilizwa hata katika jimbo jingine ambako hukumu imesajiliwa, ilhali hoja ya kwamba gari liliuzwa kwa bei ya kutupa haisikilizwi huko tena. Katika Kentucky mtu aliyepokea samansi ana siku 20 za kujibu. Asipojibu, mdai huomba hukumu ya upande mmoja. Nenda kwa karani wa mahakama iliyotajwa katika hati, omba nakala ya jalada lote, na utazame ukurasa unaoonyesha samansi ilipelekwa wapi, lini, na nani aliipokea. Kisha umwone wakili wa msaada wa kisheria kabla hujabadili mwajiri na, kwa hakika, kabla hujafunga mizigo ya Texas. Kama mambo ni mazito zaidi, yuko pia wakili wa kufilisika, kwani ombi la kufilisika husimamisha makato ya deni kama hili katika majimbo yote siku hiyo hiyo, ingawa halisimamishi makato ya matunzo ya mtoto.

Mvuka Daraja

Nimerejea baada ya siku tisa. Nilikwenda mahakamani na kupewa nakala ya jalada kwa ada ndogo ya kurasa. Anwani iliyoandikwa ni ya nyumba tuliyohama mwezi wa nne, samansi ilipelekwa mwezi wa saba kwa barua ya rejesta, na saini ya aliyeipokea inaanza na herufi ambayo haimo katika majina ya mtu yeyote wa nyumbani kwangu. Wakili wa msaada wa kisheria amenipa miadi ya Jumanne, na amenitaka niende na mkataba wa nyumba ya zamani, mkataba wa nyumba ya sasa na karatasi za malipo za miezi miwili. Nimemjibu shemeji kwamba safari ya Fort Worth ingoje.

Dada Karani, nakusumbua kwa mara ya mwisho. Wakala ameniambia nitalipwa siku nne za likizo ambazo sijazitumia pamoja na malipo ya mwisho. Je, nazo zitakatwa?

Karani wa Mishahara

Ndiyo, kaka, malipo ya likizo ni mshahara, kwa hiyo robo yake itakwenda ikiwa amri haijasimamishwa kufikia siku hiyo. Mwulize wakili Jumanne kama anaweza kuomba fedha hizo zizuiliwe mahakamani zisikabidhiwe kwa mdai hadi ombi lako la kutengua hukumu lisikilizwe. Na uombe kwa wakala taarifa ya jumla ya kiasi chote alichokwisha kukata tangu siku ya kwanza, kwa sababu ukishafunga naye kazi, kumpata mtu wa kukutolea karatasi hiyo huwa ni safari nyingine.